99 si IC: dhana potofu kuhusu namba za Kirumi

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba alama yoyote ndogo ikiitangulia kubwa hutolewa, na kwa hiyo 99 yaweza kuandikwa IC, yaani mia kasoro moja. Hiyo ni nusu tu ya kanuni, na nusu inayosahauliwa ndiyo yenye uzito: I (1) hutolewa kwenye V (5) na X (10) peke yake, X kwenye L (50) na C (100), na C kwenye D (500) na M (1000), ilhali V, L na D hazitolewi kamwe. Namba huvunjwa kwanza katika maelfu, mamia, makumi na mamoja, kisha kila fungu huandikwa kivyake. Katika 1994, elfu moja ni M, mia tisa ni CM, tisini ni XC na nne ni IV. Yakiunganishwa tunapata MCMXCIV. Msomaji naye ayatafute mafungu hayo kabla ya kujumlisha chochote, kwa maana anayehesabu herufi mojamoja hupotea njiani. Kwa mtindo huo, 99 ni XCIX.

Hata hivyo, si kweli kwamba Warumi wenyewe waliishika kanuni hii bila kukengeuka. Katika Colosseum, uwanja uliozinduliwa Roma mwaka 80 B.K., mlango wa 44 umechongwa XLIIII: arubaini imeandikwa kwa kutoa, nne kwa kujumlisha, ndani ya namba ileile. Kwa hiyo IIII tunayoiona kwenye saa nyingi si kosa la fundi, ingawa saa ya Big Ben mjini London ina IV.

Wengine huamini kwamba kila herufi ni ufupisho wa neno la Kilatini. C inaafikiana na centum, mia, na M na mille, elfu; lakini tano ni quinque, wala haianzi kwa V, na decem, yenye D mwanzoni, ni kumi, si mia tano. Elfu iliwahi kuandikwa CIƆ, na nusu yake ya kulia, IƆ, ilikuwa 500. Ukizisogeza alama hizo mbili zigusane, utaiona D.

Sifuri haina alama, wala haikuhitajika katika uandishi huu: 105 ni CV, kwani fungu la makumi lisipokuwepo haliandikwi.