Maziwa hayaoshi vumbi la zege

Mafundi wengi wa Lamu wakishakata zege kwa grenda hununua pakiti ya maziwa ili "yaoshe kifua". Maziwa ni chakula kizuri, ila hushuka tumboni. Vumbi limeingia mapafuni, na njia hizo mbili huachana kooni. Mchanga ulio ndani ya zege una silika, madini magumu. Chembe zake ndogo kabisa, usizoziona kwa macho, huacha makovu ya mapafu yasiyotibika. Leso puani haizizuii. Kinga ni kukata kwa maji, kwa mashine iliyotengenezewa maji (grenda ya kawaida inaweza kukupiga shoti), na barakoa ya kuchuja iliyobana uso. Ndevu hulipatia vumbi mwanya. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kinga inayofaa hutolewa na mwajiri.