Ndege Nyuki Juu ya Mikorosho: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Msimu wa kupulizia mikorosho unapokaribia huku kwetu Mtwara na Lindi, mazungumzo ya barazani hayachelewi kufika kwenye ndege nyuki, ambayo wengi siku hizi huiita droni. Wapo wanaoisubiri iyapumzishe mabega yaliyochoshwa na mashine ya kupulizia, na wapo wanaoitazama kama jicho la mtu anayetaka kuwanyang'anya kitu. Nimewasikiliza wote, na ninavyoona mimi wamekosea mahali pamoja, kwani kila upande unakipa chombo hiki nguvu kisichokuwa nayo.

Nianze na matumaini, maana ndiyo yanayoweza kumgharimu mkulima. Husemwa kwamba droni ya kilimo ikishapaa, haitui mpaka shamba liishe. Ukweli ni kwamba droni ya panga nne au zaidi hubaki angani kwa nguvu ya mota peke yake. Haina bawa la kuibeba, hivyo kila sekunde inayoelea inakula umeme wa betri. Kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara 40 ya ile iliyomo katika kilo moja ya betri ya lithiamu. Ndiyo sababu droni ndogo za kupigia picha hukaa angani dakika 20 hadi 40 tu, na droni kubwa yenye tangi la lita 40, likiwa limejaa, hulazimika kutua kabla ya dakika 10 kutimia. Kwa hiyo anayekodi huduma hiyo hakodi droni tupu, bali anakodi pia betri za akiba, jenereta ya kuzichaji, maji ya kuchanganyia dawa, na watu wa kujaza tangi na kubadilisha betri tangu alfajiri. Bei inayotajwa bila vitu hivyo ni nusu ya bei.

Hata betri zikiwa tele, upepo nao una neno lake. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, huishambulia mikorosho inapochipua na kutoa maua, kuanzia Juni hivi na miezi inayofuata, na hicho ndicho kipindi cha upepo wa kusi. Wakulima wetu hupulizia salfa ya unga kabla jua halijachomoza kwa sababu wakati huo hewa imetulia na umande unaushika unga juu ya maua. Droni haijaifuta kanuni hiyo. Imeikaza zaidi, kwa kuwa dawa inayotoka juu ya mti ina safari ndefu zaidi ya kupeperushwa hadi kwenye mihogo ya jirani au kisima chake. Ni kweli kwamba panga za droni huisukuma hewa chini na kuyasaidia matone kupenya kwenye majani, lakini mkorosho uliokomaa hufika mita 10 na zaidi, na maua yake hutoka kwenye ncha za matawi pande zote, kuanzia kileleni hadi kwenye matawi yanayokaribia kugusa ardhi. Aliyepita juu tu ameyaacha ya ubavuni, na ugonjwa hauchagui upande. Mtoa huduma anayejua kazi yake atakuonyesha, kabla hujalipa, dawa ilivyofika kwenye matawi ya chini.

Wengine huniambia kwamba vijijini, ambako intaneti ni ya kubahatisha, droni haiwezi kuruka. Sivyo. Rimoti huwasiliana na droni moja kwa moja kwa mawimbi ya redio, na chombo hupajua mahali kilipo kwa kupokea ishara za setilaiti za GPS, zilizo takriban kilomita 20,200 juu yetu. Intaneti huhitajika zaidi kwa kupakua ramani na kusasisha programu, kazi zinazoweza kumalizwa mjini.

Tumaini jingine linahusu hospitali. Masika yanapoharibu barabara za kwenda Liwale, huwezi kukosa mtu wa kuuliza kwa nini droni zisiwachukue wagonjwa. Droni zinazotumika kwa afya hubeba mizigo midogo. Kampuni ya Zipline, iliyoanza kupeleka damu nchini Rwanda mwaka 2016, hutumia kwa kazi hiyo ndege yenye mabawa inayobeba chini ya kilo 2 na kuudondosha mzigo kwa parachuti, pasipo kutua. Hapa Tanzania, mwaka 2018, droni yenye mabawa ya kampuni ya Wingcopter ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 kwa takriban dakika 40. Bawa ndilo lililofanya umbali huo uwezekane kwa betri, kwa sababu hewa yenyewe hukibeba chombo kikiwa katika mwendo. Mgonjwa bado anahitaji barabara. Damu ya kumwokoa ndiyo inayoweza kupita juu ya barabara hiyo.

Habari za damu, hata hivyo, hufufua hofu ya zamani. Katika pwani yetu, tangu enzi za ukoloni, mumiani amesemwa kuwa yu ndani ya gari la zimamoto, na si ajabu sasa akapandishwa kwenye droni. Chombo hicho hakina namna ya kumtoa mtu damu. Chupa na mifuko kinayobeba imetoka benki ya damu, kwa wachangiaji waliojitolea, nayo imeshapimwa.

Hofu ya silaha ina msingi zaidi, lakini inachanganya vitu viwili kwa sababu ya jina moja. Droni ya kivita ya Bayraktar TB2 ya Uturuki ina mabawa ya mita 12, inaendeshwa kwa injini ya petroli na inaweza kukaa angani zaidi ya saa 24. Droni ya mpiga picha wa harusi inaweza kuwa na uzito wa gramu 249. Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji kwamba ukubwa ndio mpaka, kwani katika vita vya Ukraine droni ndogo za bei nafuu zimefungwa mabomu na kuua watu.

Kisha kuna kina mama wanaoamini kwamba kamera ya droni huona kupitia bati. Kamera ya joto husoma joto la uso wa kitu kilicho mbele yake, kwa hiyo juu ya nyumba itaonyesha bati lenyewe, si aliyelala chini yake. Ila mabafu yetu mengi ya uani hayana paa, na hapo kamera ya kawaida inatosha kabisa kumdhalilisha mtu. Katika jambo hili kina mama wamekosea kuhusu bati tu. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Katika mkoa wa Lindi, uliosikia sana habari za mradi wa gesi wa Likong'o, droni ya wapimaji ikipita huaminika kwamba shamba limekwisha kuchukuliwa. Picha ya angani haihamishi umiliki. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na anayechukuliwa eneo kwa mradi wa umma anastahili fidia. Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni kuanzia mwaka 2016 ili kutengeneza ramani. Mwenye mipaka isiyoeleweka anaweza hata kunufaika na picha kama hiyo, mradi majirani wawepo wakati wa kuonyesha mipaka.

Dhana ya mwisho ni ya warushaji wenyewe, hasa vijana wa video za harusi, wanaodhani kwamba chombo kidogo hakihitaji ruhusa. Tangu kanuni za mwaka 2018, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kurushwa kwa kibali, na mwanakijiji yeyote anaweza kumwomba mrushaji akionyeshe mbele ya mtendaji wa kijiji. Mjini Mtwara suala hili ni zito zaidi kwa wanaoishi karibu na kiwanja cha ndege, kwa kuwa rubani anayeshuka na abiria kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa hawezi kukiona kitu cha ukubwa wa sahani mpaka kiwe mbele ya kioo chake.