Kufuta ikoni si kuondoa programu

"Ile programu nilishaifuta zamani, lakini diski bado imejaa." Ukiwa mtu wa kuombwa kutazama kompyuta za watu, maneno haya umeyasikia mpaka yamekuchosha. Ukiichunguza mashine unakuta kilichofutwa ni ikoni ya kwenye desktopu tu. Programu yenyewe ipo palepale, haina habari.

Maana kwanza, kwa kifupi. Kuondoa programu, au kuisanidua kama menyu za Kiswahili zinavyopenda kusema, ni kuiagiza kompyuta itendue yaliyofanyika wakati wa kuisakinisha: faili zitolewe, njia za mkato zifutwe, maingizo yaliyowekwa kwenye rejista ya mfumo, yaani daftari ambamo Windows na programu huandika mipangilio yake, yatoke, na kila kilichopangwa kujiwasha chenyewe kikomeshwe. Kufuta ni kutoa faili au folda uliyoishika wewe, basi. Watu wanayachanganya haya mawili kila siku, na wa kuyachanganya wako wa aina mbili.

Wa kwanza ni hao wa ikoni. Kwenye Windows, ikoni nyingi za desktopu zina kimshale pembeni. Bofya moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha usome mstari wa Target. Utaona anwani inayoelekea mahali fulani ndani ya C:\Program Files. Hiyo ndiyo kazi yote ya ikoni: ni faili ya .lnk yenye kilobaiti chache inayoelekeza kwenye programu ambayo pengine ina gigabaiti kadhaa. Kung'oa kibao cha mlangoni hakumhamishi mpangaji.

Wa pili ndio hasa wanaonikera, kwa sababu wamejifunza nusu na wanajiamini kikamilifu. Hawa wanajua ikoni si programu, kwa hiyo wanaingia Program Files, wanaitafuta folda yenye jina la programu, wanaifuta yote, na kuondoka wakijipongeza. Kumbe Windows ina orodha yake ya programu zilizosakinishwa, na orodha hiyo haisomwi kutoka Program Files. Inatoka kwenye rejista, ambako kila programu imeandikisha jina lake, toleo lake na amri ya kuiita pale itakapotakiwa kuondoka. Amri hiyo mara nyingi inaelekea kwenye faili iliyo ndani ya folda ileile ya programu. Kwa programu nyingi faili hiyo inaitwa unins000.exe. Yaani umemfuta mhamishaji pamoja na mizigo. Siku utakapobonyeza Uninstall utaambiwa hitilafu imetokea, huenda programu imekwisha kuondolewa, je, ungependa jina lake litolewe kwenye orodha? Ukikubali, jina linatoka. Huduma iliyobaki nyuma, yaani sehemu ya programu inayofanya kazi chinichini, ratiba ya kujisasisha na kipande kilichowekwa kwenye folda nyingine havijaguswa, na ujumbe wa "faili haikupatikana" unaweza kukusalimia kila unapowasha mashine.

Tuwatendee haki, tabia hii haikuzuka hewani. Enzi za MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, programu nyingi zilikaa ndani ya folda yake moja, na ukiifuta folda umemaliza, labda ubaki na mstari mmoja wa kutoa ndani ya AUTOEXEC.BAT, faili ya amri zilizosomwa kila kompyuta ilipowashwa. Windows 95 ndiyo iliyoifanya rejista kuwa kitovu cha mipangilio, na ikaja na sehemu yake maalumu ya kuongeza na kuondoa programu. Hata leo zipo programu zisizohitaji kusakinishwa, zile unazozifungua tu kutoka kwenye flashi. Hizo kweli ukifuta folda yake mara nyingi umemaliza.

Mac nayo inawadanganya watu kwa upole wake. Unaburuta programu hadi kwenye pipa la taka, unalimwaga, na kwa programu nyingi mambo yanakuwa sawa. Ila mipangilio na kache zake, yaani nakala za muda za kuharakisha kazi, zinabaki kwenye folda ya Library ya mtumiaji, ambayo Apple imeificha tangu toleo la Lion la 2011, kwa hiyo wengi hawajui kama ipo. Watumiaji wa Debian na Ubuntu, mifumo ya familia ya Linux, wamewekewa tofauti hii ndani ya amri zenyewe: apt remove hutoa programu na kuacha mipangilio yake ya mfumo, apt purge hutoa na mipangilio hiyo. Na hata purge haiingii kwenye folda yako ya nyumbani.

Hapo ndipo neno "mabaki" linapotumiwa ovyo. Watu husema kiondoaji kimefanya kazi mbovu kwa sababu kimeacha folda ndani ya AppData, mahali Windows inapotunza data za programu za kila mtumiaji, wakati mara nyingi kimeiacha kwa makusudi. Humo mnaweza kuwa na violezo ulivyotengeneza, mchezo uliofikia hatua ya mbali, au wasifu wa kivinjari wenye alamisho zako zote. Kompyuta haiwezi kujua kama unaondoka moja kwa moja au unataka tu kusakinisha upya. Kache unaweza kuifuta bila wasiwasi, itajijenga tena ikihitajika. Vingine vifungue utazame kwanza. Na zile programu zinazoahidi "kusafisha rejista" ziache. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, na nafasi inayopatikana humo ni ndogo mno kulinganisha na hatari ya kuivuruga Windows.

Jambo jingine dogo: programu isiyofanya kazi, hata chinichini, inakula diski, haili RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kama shida yako ni kompyuta kuchelewa kuwaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ufungue sehemu ya Startup uone programu zipi zinaamka pamoja na kompyuta. Huenda huna haja ya kuondoa chochote, ni kuzima tu.

Kwa hiyo mtu akikuambia ameifuta programu, usimcheke. Mwambie afungue Settings, aende Apps, kisha Installed apps, aipange orodha kwa ukubwa na kulitafuta jina lake. Likiwapo, aiondoe kutokea hapohapo. Na kama ni wale wa aina ya pili, folda imeshafutwa na kiondoaji kinagoma, achungulie kwanza Recycle Bin: ikiwa folda bado imo, airudishe mahali pake na kuondoa kwa utaratibu. Ikiwa haimo, aisakinishe programu ileile upya, toleo lilelile akilipata, halafu aiondoe. Wengi hudhani ni mzaha ukiwaambia hivyo.