Nembo za kijani kwenye rimu ya karatasi zinasema nini, na hazisemi nini

Chukua rimu ya A4 katika duka lolote la vifaa vya ofisi, Mwanjelwa au Mafinga hapa Tanzania, uigeuze chini. Utakuta mti mdogo uliochorwa kwa mstari mmoja pamoja na alama ya vema, mishale mitatu inayofukuzana, herufi ECF, pengine ISO 14001, na neno "eco" kwa rangi ya kijani. Mnunuzi wa shule huzijumlisha zote: karatasi hii ni rafiki wa mazingira. Kumbe kila alama ina swali lake. Mti unasema nyuzi zilitoka wapi. ECF inasema zilipaushwa, yaani zilifanywa nyeupe, kwa kemikali gani. ISO 14001 inahusu namna kiwanda kinavyosimamia mambo yake ya mazingira, na haina lolote la kusema juu ya karatasi uliyoishika. "Eco" ikiwa peke yake, bila jina la aliyekagua, ni pambo.

Kupausha ndiko kunakochanganya wengi. Karatasi ya kaki, kama ile ya mifuko ya saruji inayotengenezwa Mgololo wilayani Mufindi, huanzia kwenye vibanzi vya miti vinavyopikwa kwa shinikizo ndani ya soda kali na sulfidi ya sodiamu, joto likikaribia nyuzi 170 za Selsiasi. Lignini, gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, huyeyuka. Katika kilo 100 za mbao kavu hubaki kilo 45 hadi 50 hivi za nyuzi. Zilizosalia huondoka na maji meusi, ambayo hukaushwa mpaka yawe mazito kisha yakachomwa kwenye boila: mvuke unaendesha kiwanda na kemikali zinarudi kutumika tena. Harufu ya mayai viza inayosikika karibu na viwanda vya namna hii hutokana na gesi za salfa za hatua ya kupika. Haihusiani na klorini.

Rojo, yaani nyuzi hizo zilizopikwa, ikitoka hapo ni ya kahawia, na kaki huachwa hivyohivyo. Kwa hiyo bahasha ya kaki isiyopaushwa ikiandikwa "haina klorini" kwa herufi kubwa, ni sawa na gunia la maharage kuandikwa "hayana mifupa". Ni kweli, lakini haikupi sababu ya kulipa zaidi.

Karatasi nyeupe ndiyo yenye hoja. Zamani ilipaushwa kwa gesi ya klorini, ambayo ikikutana na mabaki ya lignini huzaa misombo yenye sumu, dioksini zikiwemo. Hizo huchukua muda mrefu kuoza na hujikusanya kwenye mafuta ya samaki. ECF maana yake gesi hiyo imeondolewa na mahali pake imewekwa dioksidi ya klorini. Sumu hupungua sana, ila klorini bado imo. TCF haitumii klorini kabisa; inatumia oksijeni, ozoni au peroksidi ya hidrojeni. PCF ni ya karatasi iliyorejelezwa bila klorini mpya, kwa kuwa hakuna anayejua ile ya zamani ilipaushwaje. Viwanda vingi vya kisasa vimeshahamia ECF, hivyo muuzaji akikuongezea bei kwa herufi hizo tatu, kataa.

Mti wenye alama ya vema ni wa FSC, shirika la viwango vya utunzaji wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993. Soma neno lililo chini yake. "100%" ni nyuzi zote kutoka misitu yenye cheti. "Recycled" ni nyuzi zote zilizorejelezwa. "Mix" ni mchanganyiko, na sehemu isiyo na cheti nayo sharti ichujwe isitoke kwenye miti iliyovunwa kinyume cha sheria. Pembeni pawe na namba: FSC-C ikifuatiwa na tarakimu sita. Iingize kwenye hifadhidata ya FSC mtandaoni, uone jina la mwenye namba na kama cheti kiko hai. Cheti hudumu miaka 5 na hukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo kinaweza kusimamishwa katikati. Nembo isiyo na namba ihesabu kuwa haipo.

Kosa la kawaida hutokea kwa wachapaji. Ofisi inaagiza kalenda, mchapaji ananunua karatasi yenye cheti, mbunifu anapakua nembo mtandaoni na kuibandika. Hairuhusiwi. Kila mmiliki wa bidhaa njiani, kuanzia mwenye shamba mpaka mchapaji, anatakiwa awe na cheti chake cha ufuatiliaji. Mmoja akikosa, mnyororo umekatika hapo, hata kama karatasi ni ileile.

Kwa wakulima wa miti wa Mufindi, Kilolo na Njombe, mnyororo hukatikia barabarani. Magogo ya mwenye cheti yakirundikwa pamoja na ya jirani, yote yanakuwa hayana cheti. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu, yaani TP, inaonyesha tu kwamba mzigo umeruhusiwa kusafiri. Haisemi shamba lilitunzwaje. Mwenye heka mbili tatu za mipaina hawezi gharama za mkaguzi peke yake, ndiyo maana FSC inaruhusu cheti cha kikundi: mpaka wa kila shamba uwe kwenye ramani, uthibitisho wa umiliki uwepo, mauzo yaandikwe. Milingoti (mikaratusi) iliyopandwa hadi ukingoni mwa mto ni tatizo hata kabla ya kufikiria cheti, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Mishale mitatu bila asilimia kwa kawaida inamaanisha karatasi *inaweza* kurejelezwa. Ikiwa na asilimia, ndiyo inayotaja kiasi kilichorejelezwa. Uliza pia kama mabaki hayo ni vipande vya kiwandani ambavyo havijafika kwa mtumiaji, au karatasi iliyokwisha kutumika. Ya pili ndiyo inayopunguza taka za mjini.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, vikombe na vifungashio vya karatasi vimepata jina zuri kuliko vinavyostahili. Chana kikombe cha chai, kiloweke usiku kucha kwenye maji, asubuhi kisugue kwa vidole. Karatasi itamomonyoka na utabaki na utando mwembamba. Mara nyingi utando huo ni plastiki, na hautaoza shimoni.

Tena, ukiona "woodfree" usidhani hapakukatwa mti. Maana yake ni kwamba rojo ilipikwa kwa kemikali badala ya kusagwa kwa mashine, hivyo karatasi haigeuki njano upesi.

Mwisho, beba mizani. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5 bila kifungashio. Ikisoma kilo 2.2, umeuziwa ya gramu 70 kwa bei ya 80. Kwa nakala za kawaida za ofisini gramu 70 inatosha, na inaokoa sehemu moja kati ya nane ya nyuzi. Agiza hiyo waziwazi, kwa bei yake.