Picha ya kivuli kwenye albamu yenu si lazima iwe ya babu

Watu wakikuta ile picha nyeusi ya uso wa upande kwenye albamu ya zamani, moja kwa moja wanasema huyu babu yetu. Wapi! Pale makumbusho ya mchoraji Charles Willson Peale, Philadelphia, Marekani, kuanzia 1802 Moses Williams, aliyekuwa mtumwa wa Peale huyohuyo, alikuwa anakunja karatasi nyeupe mara mbili anakata uso mara moja (tundu linalobaki linawekewa karatasi nyeusi nyuma), unaondoka na nakala nne, sasa nne za nini kama si kugawia washkaji? Huyo anaweza kuwa jirani tu. Na neno "Museum" lililobonyezwa chini ya kifua ni muhuri wa makumbusho, sio ukoo. Geuza nyuma kwanza, Edouart, mkata picha za kivuli Mfaransa, kwa mfano alizoea kuandika jina na tarehe.