2147483647: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Chukua mbili 31, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Utapata bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Waandishi wa programu wanaijua sana, na mara nyingi wanadhani ni yao.

Dhana: Ndiyo namba kubwa kuliko zote kwenye kompyuta.
Ni kikomo cha nafasi ya biti 32 tu (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1), pale biti moja inapotunza alama ya hasi au chanya. Nafasi ya biti 64 hufika 9223372036854775807. Lakini kikomo hiki kina hatari ya kweli: mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Usiporekebishwa, mfumo wa aina hiyo utarudi ghafla Desemba 1901.

Dhana: Ilichaguliwa kwa kuwa ni namba tasa.
Imesadifu tu. Kikomo cha biti 16, yaani 32767, ni 7 × 31 × 151. Kile cha biti 64 nacho kinagawanyika kwa 7.

Dhana: 31 ni tasa, basi 2³¹ − 1 lazima iwe tasa.
Hata 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Na 2²⁹ − 1 ni 233 × 1103 × 2089. Kila moja hudai uthibitisho wake.

Dhana: Kuithibitisha, lazima uigawe kwa kila namba iliyo chini yake.
Hapa ndipo ninapoipenda namba hii. Kwanza, kama ingekuwa na vigawo, kimoja kisingezidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46341. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alienda mbali zaidi. Aliona kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Chujio hilo linatupa karibu kila kitu: 3, 5, 7, 11 na wenzao wote hawahitaji hata kuguswa, na namba tasa ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Zinabaki hesabu za kugawanya zisizozidi 372. Mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na karibu kipofu kabisa, Euler alitangaza kuwa hakuna hata moja inayoigawa bila baki.

Dhana: Hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi.
Mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika hivyo mwaka 1811, akizungumzia namba timilifu inayozaliwa na hii, 2305843008139952128. Namba timilifu ni sawa na jumla ya vigawo vyake vingine, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Barlow aliona ni za kushangaza tu, hazina faida. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani aliipata nyingine ya ukoo huohuo: mbili 136279841 zimezidishwa pamoja, ikatolewa 1. Ina tarakimu 41024320.