Je, wajua CD ya zamani inaweza kukuambia kama taa yako ina zebaki?

Geuza CD upande unaong'aa: rangi za upinde wa mvua hizo hapo. Hazijapakwa. Ndani yake kuna njia ya data inayozunguka kama ganda la konokono, kila mzunguko ukiwa umbali wa mikromita 1.6 tu kutoka kwa wenzake. Hiyo ni mistari ipatayo 625 katika milimita moja. Mwanga ukigonga mistari iliyobanana hivyo, kila rangi huruka kwa pembe yake. Nyekundu hupinda kuliko buluu, kinyume kabisa na inavyokuwa kwenye prizimu ya kioo.

Mbona basi rangi za zebaki hatuzioni kwa kuitazama CD hivi hivi? Kwa sababu mwanga unaiangukia kutoka kila upande, rangi zinapandana. Dawa yake ni mwanya mwembamba, na kwa maoni yangu huo ndio moyo wa spektromita (kifaa cha kutenganisha mwanga katika rangi zake, tutakachokiunda sasa), wala si CD. Kila mstari wa rangi utakaouona ni picha ya mwanya wenyewe. Ukiwa mpana, mistari huvimba na kumezana.

Chukua boksi la karatasi ngumu. Upande mmoja toboa dirisha dogo, kisha gundisha hapo nyembe mbili zikitazamana makali kwa makali, zimelala, zikiachana kwa unene wa karatasi moja au mbili. (Angalia vidole.) Upande wa pili simamisha CD ikiinama, nyuzi 60 hivi kutoka sakafuni, uso wake ukielekea mwanyani na juu kidogo. Toboa tundu la kuchungulia juu yake, wima. Ziba kila upenyo kwa utepe mweusi. Mwanga wa kuvuja huharibu kila kitu.

Elekeza mwanya kwenye balbu ya waya na utaona rangi zikifuatana bila pengo. Taa ya LED nyeupe hutoa buluu kali, bonde la giza, kisha kijani hadi nyekundu. Taa ya tyubu (ile ya fluoresenti, si ya LED) ndiyo tamu zaidi: rangi zimekatika vipande, na miongoni mwake mstari wa zambarau-buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 436 na wa kijani wa 546. Hiyo miwili ni ya zebaki. Jua usilielekee kamwe. Anga tupu inatosha.

Mistari hiyo miwili pia ndiyo rula yako. Piga picha kwa simu kupitia tunduni, hesabu pikseli kati yake. Zikiwa 220, kila pikseli ni nusu nanomita, kwa kuwa tofauti ni 110. Sasa, bila kusogeza simu wala CD, nyunyiza chumvi kidogo kwenye mwali wa jiko la gesi, upige picha tena. Mstari wa njano utakaochomoza, wa sodiamu, unapaswa kuangukia karibu na 589.